Sauti ya Mama kwa Asilimia Tisa

Jumanne asubuhi bwana wangu Oyugi aliponiambia kwamba sauti ya mama yake inaweza kupotea, nilipiga kelele mpaka jirani yangu Becky akaja mbio na mikono yenye unga, kuuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. "Lakini huyu mzee nitamuua sasa hivi."

Oyugi ana kompyuta moja ndogo, inakaa kwa kiganja, na viherufi vya kubonyeza kwa kidole gumba. Aliiunda mwenyewe alipostaafu kazi ya kusoma mita za maji, akaweka Linux ndani, ule mfumo wa kuiendesha, na tangu siku hiyo mimi ni mke wa pili hapa Kaloleni. Inalala kando ya mto wake. Chaji ikipungua anahangaika nyumba nzima. Unga ukiisha, eti nisubiri kidogo.

Sasa sikiliza. Jumapili tulikuwa Awasi kwa mama mkwe wangu, Mama Rosa. Kesho yake alikuwa anafanyiwa upasuaji wa koo, na daktari alishasema wazi kwamba uvimbe ukitolewa, sauti nayo inaenda. Na Desemba binti yetu Maryanne anaolewa. Nani atambariki? Nani atasimamisha muziki afanye pakruok, yaani kujisifu na kusifu watu wake mbele ya umati vile sisi Wajaluo tunavyofanya? Mama Rosa alikuwa mwalimu miaka thelathini na mitano, na hakuna harusi ya ukoo ule aliyowahi kukaa kimya. Kwa hivyo Oyugi akamrekodi. Dakika arobaini! Alibariki, akajisifu, akaimba, hata akamtisha bwana harusi kidogo. Jumatatu sauti ikaenda.

Kumbe kadi ya kuhifadhia vitu kwa ile kompyuta ilikuwa imejaa. Badala ya kufuta kitu, Oyugi akaiweka rekodi ya mama yake kwa kumbukumbu ya muda, ile inayoishi tu mashine ikiwa imewaka. Betri ikiisha, kila kitu kilichomo kimeisha. Alisema atapanga baadaye. Wanaume na baadaye yao! Jumanne tundu la chaji likagoma kabisa, na tundu ni hilo hilo la kuhamishia vitu kwa simu. Wi-Fi yake ilikufa mwaka jana.

"Fundi Wekesa wa Nyamasaria je?" nikauliza.

"Nimempigia. Anasema lazima atoe betri ndio achomelee tundu jipya. Betri ikitoka, Mama ameenda."

"Weka kadi nyingine."

"Linux yenyewe inakaa kwa hii kadi. Nikiichomoa, inazima. Na kuicheza ili simu irekodi ni dakika arobaini, chaji haifiki."

Nikaangalia kioo. Asilimia tisa.

"Basi futa kitu, Baba Maryanne!"

"Siwezi."

"Huwezi ama hutaki?"

Akaificha kompyuta nyuma ya mgongo. Nikamnyang'anya. Kadi karibu yote ilikuwa imejazwa na folda moja, na jina lake lilikuwa LORNAH. Hilo ni jina langu. Umeniwekea nini humu, wewe mtu? Nikabonyeza rekodi ya kwanza.

Ilikuwa mimi, naimba wimbo wa kanisa juu ya cherehani. Nikabonyeza nyingine. Mimi na Becky tunagombania kamba ya nguo, halafu tunacheka mpaka tunakohoa. Nyingine, mimi namwombea Oyugi hospitalini alipokuwa na homa ya mapafu, nikidhani amelala. Zilikuwa mia tatu na zaidi, za miaka tisa.

"Nikienda safari nilikuwa nazisikiliza," akasema, macho chini. "Ukishona huwa unaimba vizuri."

Yawa! Nilimpenda huyo mzee pale, nikataka kulia na kumchapa kwa wakati mmoja.

"Futa," nikasema.

"Hapana. Ya Mama ni kubwa, itataka nafasi ya hizi zote. Tutafute kingine."

"Hakuna kingine na ni asilimia saba. Mimi niko hapa, utanisikia mpaka uchoke. Mama je?"

Nikaona hataweza, kwa hivyo nikamwambia anionyeshe tu pa kubonyeza. Akanionyesha, nikabonyeza mwenyewe. Miaka tisa yangu ikaenda hata kabla maji ya chai hayajachemka. Halafu akaandika ile amri ya kunakili, na sisi watatu tukasimama juu ya kile kioo, Becky akiomba kwa sauti. Asilimia nne. Tatu. Ilipofika mbili Oyugi akasema imekubali, akaizima taratibu, akakaa chini sakafuni.

Wekesa alimaliza kazi yake Jumatano. Alhamisi tukaenda hospitali. Mama Rosa alikuwa ameegemea mito, bendeji shingoni. Oyugi akaweka ile mashine kifuani pake, akabonyeza.

"An nyar Alego!" ikatoka ile sauti, kubwa, na majivuno yake yote ya kuwa binti wa Alego. Manesi wakageuka. Mama Rosa akafunika uso, mabega yakatikisika, na kwa muda hatukujua kama analia ama anacheka. Ilikuwa yote mawili.

Oyugi akamweleza kila kitu, hata kosa lake, hata tulichofuta. Mama Rosa akanishika mkono. Akaomba daftari kwa ishara, akaandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, akanigeuzia mimi, binti wa Seme, nisome:

"Nyar Seme, mimi nilingoja mpaka daktari akaniambia. Wewe anza leo."

Oyugi akabonyeza kurekodi, akaninyooshea ile mashine. Nikaona sekunde zinahesabu.

"Baba Maryanne," nikasema, mbele ya mama yake na manesi, "nakupenda sana." Halafu nikalia, na hiyo pia ikarekodiwa.