Abiria wa Siti ya Kushoto

Wenzake kazini walimwita Kasuku, na jina lilimkaa sawasawa, maana mwongoza watalii huyu akishika kipaza sauti ilikuwa shughuli kumnyamazisha. Kila asubuhi alipanda juu ya basi la ghorofa mbili lisilo na paa, akawazungusha wageni barabara ya ufukweni: hoteli zenye milango ya vioo, maduka ya vito, boti za matajiri zilizojipanga bandarini. Salamu alikuwa nazo za lugha saba. Umbea alikuwa nao wa lugha zote.

Ndiyo maana yule mama wa mtandio wa kijani hakumpita hivi hivi. Mgeni hununua tiketi mara moja, akapiga picha zake, basi. Huyu alikuja Jumatatu, akaja Jumanne, Jumatano akawa wa kwanza kituoni. Siti ileile, juu, kushoto. Picha hapigi. Kasuku akilisifia jumba la kamari mpaka povu linamtoka, mama yule anatazama viatu vyake.

"Huyo mkaguzi wa kampuni," dereva alimwambia wakinywa chai. "Anakupima. Punguza chumvi kwenye hadithi zako."

"Mkaguzi gani anajinunulia tiketi?" Kasuku alijibu, lakini chai yake aliiacha nusu.

Alhamisi akamvizia. Basi liliposimama kwenye taa, mbele ya nyumba nyeupe yenye geti jeusi, mama yule aliinuka, akapunga mkono. Kasuku akaufuata mkono kwa macho. Kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, usawa uleule wa basi, bibi mmoja alikuwa ameketi akiota jua. Hakupunga, hakutabasamu. Alipapasa meza taratibu, akakipata kikombe chake, akanywa. Taa ikaruhusu, na mama yule akaketi akijifuta machozi.

Hapo uzalendo ukamshinda Kasuku. Waliposhuka kituo cha mwisho alimfuata.

"Shikamoo, mama. Nisamehe umbea wangu. Yule bibi ni nani?"

"Marahaba. Ni mama yangu mzazi." Alisema kama mtu aliyechoka kuficha. "Mwaka jana niligombana na kaka yangu, anayemtunza. Nilimzuia kuuza shamba la marehemu baba. Tangu siku ile walinzi wameambiwa nisikanyage pale, na simu ya mama kaichukua. Nikisimama chini ukuta unanizuia. Juu ya basi lako ndipo ninapomwona."

"Na yeye hakuoni?"

"Nilidhani kaninunia. Siku tatu napunga, hanijali. Leo nimemwona anavyotafuta kikombe. Mama haoni tena, mwanangu, na hakuna aliyeniambia."

Kasuku aliuliza: "Masikio je?"

"Masikio yake yalikuwa yanasikia sisimizi akipita. Sasa sijui. Kesho nikishuka basini naelekea uwanja wa ndege, kazi inaningoja huko bara. Nilitaka tu ajue kwamba nimekuja."

Kampuni ilikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: kipaza sauti hakishikwi na abiria. Spika za basi zilikuwa na kelele hata wenye maduka walishapeleka malalamiko. Mwongozaji mmoja alikuwa amefukuzwa kwa kumwachia mlevi aimbe. Kasuku aliyajua yote hayo, na usingizi haukumjia kirahisi.

Ijumaa taa ilikuwa kijani, lakini dereva, aliyekwisha kuambiwa, alisimamisha basi palepale. Honi zikaanza nyuma. Kasuku alikwenda mpaka siti ya kushoto, akamwekea yule mama kipaza sauti mkononi.

"Mama," mwanamke yule alisema, na sauti ikajaa barabara nzima. "Ni mimi, kitinda mimba wako."

Bibi aligeuza kichwa, akatega sikio. Wageni wote wakanyamaza, hata wasiojua neno moja la lugha ile.

"Wewe si umehamia ng'ambo?" bibi aliuliza. "Kaka yako anasema umehama na hutaki hata kunisalimia."

"Sijahama, mama. Niko hapa mbele yako. Getini wamenikataza kuingia."

Bibi akashika ukingo wa roshani, akajiinua.

"Wamekukataza wewe kuingia," alisema. "Mimi hajanikataza mtu kutoka. Nisubiri hapo hapo, nashuka."

Dereva akazima injini.