Yanashuka Vizuri

Mpira wa kulishia ulikuwa umetoka kidogo puani mwa mama. Plasta iliyoubana shavuni ililowa jasho ikabanduka, na alama nyeusi aliyoichora daktari, ambayo jana iligusa tundu la pua, sasa ilikuwa mbali nalo kwa upana wa vidole vitatu. Binti aliiona akiwa ameshika bomba la sindano lililojaa maziwa.

Tangu kiharusi kimpige, mama hakuweza kumeza hata mate yake. Maziwa yalipita kwenye mpira ule hadi tumboni, na waliomimina walikuwa jamaa wa wagonjwa wenyewe, maana wodi nzima ilikuwa na muuguzi mmoja. Binti alifundishwa chapuchapu, muuguzi mguu mmoja ndani, mwingine nje. Lililomganda kichwani ni moja: mpira ukiingia mapafuni, maziwa humzamisha mtu kitandani.

"Sista, samahani. Mpira wa mama umesogea."

Muuguzi alikuwa akitundika dripu kitanda cha pili. Hakugeuka. "Usukume mpaka kwenye alama. Polepole."

"Nitajuaje umefika tumboni?"

"Tunapuliza hewa, tunasikiliza tumbo. Kile cha kuvaa masikioni daktari kaondoka nacho. Mashine ya eksirei imekufa zamani. Unataka nikwambie nini, mwanangu?"

Kuta ziling'aa. Zilipakwa rangi mkubwa fulani alipokuja kukata utepe, akapiga picha, akaenda zake.

"Basi tumsubiri daktari," binti alisema.

"Akija kesho akute mama yako kashinda na njaa, atauliza ndugu gani huyu. Mimi simo. Na wanaotaka hicho kitanda wamejaa huko nje."

Binti aliogopa kulisha, akaogopa kutolisha. Akausukuma mpira mpaka kwenye alama. Mama alikohoa, macho yakamjaa machozi, kisha akatulia. Binti alivuta kwa bomba tupu, kama alivyowahi kumwona muuguzi akifanya, aone kama yatatoka maji ya tumbo. Hayakuja. Akavuta tena. Hayakuja.

"Sista, hakuna kinachotoka."

"Tumbo tupu litatoa nini? Mlishe."

Akachomeka bomba la maziwa, akaliinua. Mama, ambaye ulimi wake ulikuwa umekufa, alimkamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo binti hakujua bado anazo.

Muuguzi alipita, akatupa jicho kwenye bomba.

"Umeona? Yanashuka vizuri."

Mama akakohoa, akakohoa tena.

"Mshike mabega asijitikise," alisema muuguzi, akasogea kwa mgonjwa mwingine.