Kisanduku Kimya

Mwanamke aliyesimama mlangoni alikuwa amevaa sare ya ulinzi, buti zimejaa vumbi, macho mekundu kama ya mtu aliyepishana na usingizi njiani. Hakubisha hodi kwa mkono. Alibisha kwa rungu lake, taratibu, kama anayeogopa kuuumiza ubao.

"Namtafuta yule wa kompyuta," alisema.

Dada yangu alikuwa kwenye cherehani na hakusimamisha mguu. Alinielekeza kwa kidevu. "Huyo hapo. Msomi wetu."

"Mbona kile kibao mmekitoa? Nimeuzunguka mtaa mzima nikidhani niliota."

Kibao chenyewe kilikuwa kipande cha boksi, nacho kilikuwa nyuma ya mlango, kimegeuzwa uso ukutani. Dada alikuwa amekiandika kwa mkono wake wakati nimemaliza chuo na kazi hazionekani: TUNASHONA NGUO. PIA KOMPYUTA. Siku moja mwenzangu wa chuo alipita, akakisoma, akaniuliza kama kompyuta nazo tunazipunguza kiuno. Nilicheka naye. Alipoondoka nikakitoa, na dada hakuuliza.

"Kilianguka," nikamjibu mlinzi.

Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaeleza. Aliishi chumba kimoja na baba yake. Yeye analinda usiku, analala mchana nyuma ya pazia. Baba alipigwa na kiharusi na upande mmoja wa mwili haumtii tena, na raha iliyombakia ni sinema, kwa maana enzi zake alikuwa fundi wa kuonyesha picha ukumbini. Kompyuta waliyokuwa nayo ilinguruma kama mashine ya kusaga. Tena mita ya nyumba ile ni moja kwa wapangaji wote, na mama mwenye nyumba alikuwa ameipiga marufuku kompyuta ile kwa kula umeme wa watu.

"Baba anasema hata hamu ya sinema imemwisha," alisema. "Lakini mimi si mjinga, mdogo wangu. Nikiamka namkuta anakitazama kioo cheusi, hedifoni ziko shingoni. Anaona heri akae hivyo kuliko aniamshe."

"Sasa unataka kitu gani hasa?"

"Kidogo. Kisile umeme, kisipige kelele. Na kisinimalizie mshahara."

"Hao uliowataja hawajawahi kukaa nyumba moja," dada alisema, akakata uzi kwa meno.

Mlinzi alicheka kicheko cha uchovu. Mimi sikucheka. Tangu nivae joho hakuna mtu aliyekuwa amekuja kunitafuta kwa kazi niliyoisomea, na kifua kikanijaa. Nikasema, "Nitakutengenezea kitu usichosikia hata pumzi yake. Utalala kama mtoto mchanga."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nilikuwa nimevua mbele ya watu.

*

Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimepigiwa simu na ofisi moja niliyoiomba kazi. Nyumba yetu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: mbele cherehani, nyuma kitanda changu na meza. Sauti ya yule bwana simuni ilikuwa laini, ya mtu aliyeketi mahali penye zulia.

"Samahani, kelele hiyo ni nini?"

"Ni majirani," nilimjibu. "Wanajenga."

Nilisema kwa sauti ya chini. Upande wa pili wa pazia cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Nikadhani uzi umekatika.

*

Kisanduku nilikipata kwa wauza vitu vilivyotumika, wale wanaonunua kwa jumla vifaa ambavyo ofisi zimevichoka. Kilikuwa na ukubwa wa kamusi, cha aina inayofungwa nyuma ya skrini za mapokezi, na kilitumia chaja kama ya kompyuta ya mpakato. Umeme wake ulikuwa wa kulamba, si wa kunywa. Kasoro yake ilikuwa feni, kijidude kinacholia kama mbu aliyenaswa kwenye neti. Nikaing'oa. Mahali pake nikafunga mbavu za alumini nilizozitoa kwenye amplifaya iliyokufa, nikazipiga tupa mpaka zikakaa sawa juu ya prosesa, nikapaka dawa ya kusafirisha joto, nikatoboa mfuniko ili hewa moto ipande yenyewe bila kusukumwa.

Nilifurahi sana siku zile. Sikujua kama mtu anaweza kufurahi hivyo juu ya vumbi la alumini. Dada alipita na chai, akaangalia zile mbavu, akasema, "Umekikondesha mpaka mifupa inaonekana."

Diski ndiyo iliyonibana. Zile za siku hizi, zisizo na kitu kinachozunguka ndani, moja tu ingemeza bajeti nzima ya mlinzi. Nikaweka ya zamani, ya kuzunguka, niliyoitoa kwenye mashine mbovu. Ili isitetemeshe meza, dada alinipa sponji za mabega, zile zinazotiwa ndani ya koti la mtu mwenye mabega ya chupa. Nikaikalisha diski juu yake kama bibi harusi kwenye mto.

Kisha nikakipima. Nilikiwashia sinema kutwa nzima. Joto halikuzidi la kikombe cha chai kilichosahaulika. Nikaweka sikio juu ya mfuniko, nikashikilia pumzi. Hakuna kitu.

"Dada!" niliita. "Unasikia chochote?"

"Sisikii kitu!" alijibu kwa sauti ya juu, mguu ukiwa kwenye pedali.

Nilimwamini. Na yeye alisema kweli.

*

Nilikipeleka Jumapili, siku mlinzi yuko nyumbani. Habari ilikuwa imetangulia, na wapangaji walikuwa wamejaa kwenye korido. Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama chini ya mita, mikono kiunoni, akikitazama kile kitaa chekundu kinachopepesa kadiri umeme unavyotumika.

"Washa hicho kiberiti chako tuone," aliniambia.

Nikawasha. Kitaa kiliendelea kupepesa polepole, kama jicho la mtu anayeshikwa na usingizi kanisani au msikitini na hataki kuonekana.

"Umewasha kweli?"

"Kimewaka, mama."

"Basi hiki hakili umeme. Hiki kinafunga." Watu wakacheka, na yeye akanipiga begani. "Hongera, mwanangu. Kumbe shule si hasara."

Nilivimba. Nikamvalisha mzee hedifoni, nikampa simu kuukuu niliyoigeuza kuwa rimoti ili aitumie kwa mkono mmoja. Picha ikatokea, uso wake ukapokea mwanga, na ule mkono mzima ukainuka wenyewe, ukakata hewa kidogo, kama wa mtu anayerekebisha lenzi ambayo haipo tena. Nikageuka kumtazama mlinzi. Nikanyoosha kidole juu: sikilizeni.

Watu wakanyamaza. Chumba kile kilikuwa cha saruji tupu, hakina dari ya mbao wala zulia, na kwa sababu watu walinyamaza kwa heshima, kisanduku kilisikika vizuri.

*Tik.* Kimya. *Tik-tik. Krr. Tik.*

"Mna panya humu?" aliuliza jirani mmoja.

"Huyo si panya," alisema mama mwenye nyumba. "Panya hana adabu hiyo. Huyo anabisha hodi. Mwambieni karibu."

Kicheko kilichopasuka hapo sijakisahau. Hakikuwa cha ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka Jumapili. Lakini nilitamani ardhi ipasuke na inipokee pamoja na digrii yangu. Niliinama nikasukuma sponji huku, nikasukuma kule. Diski ikaendelea kutafuna mambo yake. Mzee, ambaye masikio yake yalikuwa yamezibwa, alituona tunacheka naye akatabasamu, kisha akaona uso wangu, akavua hedifoni.

"Imeharibika?"

"Hapana, baba," mlinzi alisema. "Ni nzuri sana. Endelea."

Akanisindikiza hadi nje. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, hata niliyataka. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Asante, mdogo wangu. Usijali kile kisauti. Nitazoea."

Angenitukana ningepata pa kushika.

"Nipe mpaka Jumamosi," nilisema. "Nilikuahidi usingizi."

"Nimekwambia nitazoea."

"Jumamosi."

*

Nilirudi nyumbani nikitafuta kosa lilipotokea, maana nilikuwa nimekiwekea sikio mwenyewe. Niliposukuma mlango, cherehani ikanipokea.

Sijui nielezeje. Ilikuwa sauti ileile iliyonilea tangu wazazi waondoke, iliyoendelea nilipokuwa nikisoma na nilipolala. Siku ile niliisikia. Ilitikisa vijiko ndani ya vikombe. Ilitikisa kioo cha dirisha. Ndani ya sauti ile mtu angeweza kupiga nyundo nisijue, na mimi ndimo nilimopimia kimya. Nilikuwa nimeizoea mno kelele iliyonisomesha, hata nikawa siisikii kabisa, isipokuwa wageni wanapouliza ni ya nini.

Nilikaa juu ya vitambaa.

"Wamekipenda?" dada aliuliza.

"Kinagonga."

"Kinagonga nini?"

"Diski. Hatukuisikia kwa sababu ya..." Yeye aliitazama cherehani yake, kisha akanitazama mimi, na akaacha kushona.

Dawa niliijua njiani kabla sijafika. Diski isiyozunguka ilikuwepo nyumbani mwetu, moja, ndani ya kompyuta yangu ya mpakato. Dada aliinunua kompyuta ile kwa kushona sare za shule msimu mzima. Na Jumanne, baada tu ya Jumamosi niliyoahidi, nilikuwa na usaili kwa video, wa kazi ya kuwasaidia wateja wa kampuni moja kwa simu, nikiwa nyumbani.

Nilimweleza yote. Aliniuliza swali moja tu.

"Ukiitoa, yako itakufa?"

"Haitakufa. Nitaitilia ile inayogonga. Itakuwa nzito tu."

"Nzito kama nani?"

"Kama mimi asubuhi."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa cha mteja. Kisha akakikunja kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, bila kunitazama.

"Mimi sina neno. Kitu nilichokupa ni chako. Ila na mimi nina ombi."

"Sema, dada."

"Siku ile ya simu nilisikia."

Aliendelea kukilainisha kitambaa ambacho hakikuwa na mkunjo.

"Niite fundi, niite mshonaji, niite hata kelele. Lakini usiniite jengo la jirani. Siku nyingine wakikuuliza, sema ni nani."

"Nitasema."

"Hata kama wana mazulia?"

Sikujua kama niliwahi kumwambia habari ya mazulia. "Hata kama wana mazulia."

*

Jumamosi nilifika mchana. Pazia lilikuwa limefungwa na mlinzi alikuwa amelala nyuma yake. Nilifanya kazi kwa vidole tu, bisibisi nimeifunga kitambaa, mzee akinimulikia kwa tochi kwa mkono wake mzima. Nilipomaliza nilibonyeza swichi, na kwa muda mzima wa kuwaka hakikutokea kitu, hata nikadhani nimekiua. Kisha picha ikachomoza gizani mwa kioo.

Mzee aliweka hedifoni masikioni. Akatazama kidogo, akavua upande mmoja, akategea sikio. Kutoka nyuma ya pazia ulikuja mkoromo mrefu, mzito, usio na haya.

"Anakoroma," alininong'oneza. Alisema kama baba anayetangaza matokeo ya mtihani ya mwanawe. Kisha akarudisha hedifoni, na mimi nikatoka nikitembea kwa vidole vya miguu.

*

Jumanne dada alikuwa na gauni la mteja anayelifuata jioni. Asubuhi aliniuliza, "Leo nisishone mpaka umalize?"

"Shona."

"Naweza kupinda pindo la gauni kwa mkono kwanza."

"Shona, dada. Gauni la watu."

Kompyuta ilichukua muda kuamka hata nikaona jasho langu linadondoka mezani. *Tik-tik. Krr.* Hatimaye wasaili wakatokea, mwanamume na mwanamke, picha zao zikiruka kama watu wanaovuka mtaro. Waliuliza, nikajibu. Nilijibu vizuri, nadhani. Mwanamke alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali, na nilianza kumwona bawabu wa bahati yangu akitafuta ufunguo.

Ndipo mwanamume akainamia skrini.

"Samahani, ndugu. Tunasikia mlio huko ulipo. Kazi hii ni ya simu na inataka mahali tulivu. Ni nini hiyo?"

Jibu lilikuwepo tayari, limevaa viatu: majirani, wanamaliza leo. Lilikuwa fupi na zuri. Nililitazama.

"Ni dada yangu," nilisema, na sikupunguza sauti. "Anashona. Kazi yake ndiyo iliyonisomesha."

"Ah. Na ni leo tu, au..."

"Kila siku, hata Jumapili."

Mwanamke aliinamisha kichwa, akaandika kitu. Hapohapo diski ikakwama na uso wake ukaganda, macho chini, kalamu hewani, nami nikabaki nikiitazama ile kalamu isiyoshuka wala kupanda. Sijui kama walinisikia nikiwashukuru. Hawakupiga tena.

Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa imenyamaza. Nilisikia kompyuta yangu ikigonga peke yake chumbani, *tik, tik,* kama mtu anayebisha na hana haraka ya kufunguliwa.

Kisha mguu wa dada ukarudi kwenye pedali.