Damu Katika Mabomba

Babu yake ndiye aliyewasha boila la kwanza la kiwanda cha kufulia. Baba yake alililea miaka thelathini na mmoja bila kuchelewa zamu hata siku moja. Walikuwa watu waadilifu, waliovuliwa kofia njiani. Yeye, Fundi Mvuke, alirithi spana zao na mwiko wao: boila lenye moto haliachwi mpaka lipoe.

Jumanne saa tatu asubuhi kichwa chake kilivuma kwa nguvu hata wapiga pasi wakafuata mdundo wake. Daktari alikwisha kumweleza: tangu kuzaliwa, mishipa ya ubongoni mwake ilisukwa ovyo, ateri zikimwaga damu moja kwa moja kwenye vena kwa kasi isiyopunguzwa na chochote. Apasuliwe leo, kabla haijapasuka yenyewe.

"Naomba ruhusa, bosi. Kichwa."

"Kila mtu hapa ana kichwa," alijibu msimamizi.

"Hiki kitapasuka."

"Basi kisubiri zamu iishe. Marehemu baba yako angeniomba upuuzi huu?"

Hapo alishikwa pabaya. Mkewe, mpiga pasi, akamvuta mkono. "Baba watoto, twende. Chuma hakina shukrani."

"Moto bado uko juu. Nitamtazamaje baba?"

"Ukibaki, utamtazama leo leo."

Msimamizi akamsukuma arudi kazini. Paji lake likagonga bomba. Mshipa ukapasuka. Mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukaning'inia kama wa mtu mwingine. Papo hapo mabomba ya kiwanda nayo yakapasuka, moja baada ya jingine, yakatema damu inayochemka. Iling'oa mlango, ikamvunja mguu mkunja mashuka, ikambabua msimamizi nusu ya uso. Wapiga pasi walisogeza meza zao pakavu, wakaendelea.

Saa nane Fundi Mvuke alikata roho. Mabomba yakaunganishwa, damu haikukoma, na presha yake ilishinda ya mvuke wa maji, mashine zikaenda mbio kuliko awali. Msimamizi, uso umefungwa bendeji, akamwita mdogo wa marehemu.

"Na wewe kichwa kinakuuma?"

"Kidogo, bosi."

"Kidogo tu? Jitahidi."

Jumatano alfajiri mdogo mtu alikuwa mbele ya boila, spana mkononi.

Enyi vijana, kaeni wima mnisikilize. Uadilifu si kukifia chuma cha mtu. Kichwa kikivuma, ondokeni, na moto uacheni uwake.