Vikwembe vya Georgette

Sipendi mtu anihurumie, kwa hiyo nitasema haraka. Mke wangu Georgette alifariki mwaka jana mwezi wa tatu, na tangu siku hiyo sikulala vizuri. Binti yetu Carine alijaribu chai, akajaribu dawa, akajaribu sala. Bure kabisa.

Halafu mfuko wa suruali yangu ukatoboka. Carine akasema, "Papa, peleka kwa fundi." Lakini yule fundi wa karibu alinizungusha wiki tatu kwa ajili ya koti, nikaapa sitakanyaga kwake tena. Hasira zangu watu wanazijua. Nikafunua mashini ya kushonea ya Georgette, nikaketi, nikajishonea mwenyewe. Uzi ulikatika mara saba. Niliitukana mashini kwa Kifaransa. Lakini nilipomaliza, niliitazama ile suruali kama mwanafunzi aliyepata kumi juu ya kumi.

Nilifundisha jeometri miaka thelathini na mbili. Chini ya mashini kulikuwa na gunia dogo la vipande, mabaki ya nguo alizoshona Georgette. Nikachukua rula, nikakata miraba ya sentimeta kumi na mbili, nikaunganisha minne. Pembe nne zikakutana pale katikati, hata milimita moja haikupishana. Eh! Nilipiga kelele mpaka Carine akakimbia kutoka jikoni akidhani nimeanguka. Kumbe nilikuwa ninacheka. Sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Kuanzia hapo nikawa ninashona kila asubuhi. Jirani yangu Jean-Claude akachungulia dirishani: "Prof Adalbert, sasa umekuwa maman?" Nikamwambia alete ile suruali yake iliyopasuka nyuma, kabla sijaanza kutaja watu walioiona. Akaileta jioni hiyo hiyo.

Vipande vilipoisha, nikafungua sanduku la vikwembe vya Georgette, vile vitenge vyake vya kujifunga. Nikakata kimoja. Nikakata cha pili. Nikafika vitano, tisa nikaviacha. Miezi miwili baadaye nilikuwa na blanketi nzito ya vipande, ya rangi zote alizovaa mke wangu. Nikaanza kujifunika nayo, na usingizi ukarudi. Nasema kweli, nililala mpaka jua likanikuta kitandani.

Carine ndiye aliyegundua, siku moja akitandika.

"Papa, hii si kikwembe ya mama, ile ya ndege za buluu?"

"Ni yenyewe."

Akakaa kitandani. "Papa! Na wiki ijayo tunaondoa matanga. Mama mukubwa na mama mudogo wanakuja kugawana vikwembe!"

Mungu wangu. Mimi, Mushi wa kuzaliwa, wa kabila la Bashi, nimesahau! Kwetu, mwaka ukitimia tangu mwanamke afariki, dada zake wanakuja, sanduku linafunguliwa mbele ya wote, na kila kikwembe kinapata mwenyewe. Mume anatunza tu. Mimi nikavitia mkasi, kama vile Georgette hakuwa na ukoo. Na hata wakinisamehe, wataondoka na blanketi, kwa sababu ni vikwembe vyao. Nililiogopa hilo kuliko aibu.

"Tuseme ni panya," Carine akasema.

"Panya wale vitano na waache tisa? Ni panya gani hao, wenye kuchagua?" Nikamfokea, maskini, na kosa lilikuwa langu.

Siku ikafika. Baada ya misa, wale dada wawili kutoka Nyangezi wakaketi sebuleni, mkubwa, Maman Ghislaine, akiwa mbele. Alikuwa amevaa ndege za buluu. Yeye na Georgette walinunua kitambaa kimoja sokoni Kadutu, wakagawana nusu kwa nusu.

Sanduku likafunguliwa. Maman Ghislaine akatoa kikwembe kimoja kimoja, akakunjua, akakunja. Alipofika chini, akashika nguo yake mwenyewe kiunoni.

"Shemeki, ndugu ya hii iko wapi?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Ikapotea yote. Nikaenda chumbani, nikaleta blanketi, nikamwekea mapajani.

"Niliikata, Maman. Sikufikiri. Ninalala nayo."

Akaitandaza, kidole chake kikapita mraba kwa mraba. "Hii ni ya ubatizo ya Carine. Hii ni ya ndoa ya kaka yetu Murhula. Na hii ya ndege, aliivaa Noeli tatu." Kisha akaigeuza. "Huku nyuma ulishona vibaya."

"Ndiyo, Maman."

Halafu akamgeukia mdogo wake.

"Sisi tulikuja kugawana vikwembe. Hapa mimi sioni kikwembe, ninaona blanketi ya Adalbert. Na blanketi ya mutu haigawanywi akiwa angali anajifunika." Akanitazama usoni. "Siku yako ikifika tutaifuata, shemeki. Usiharakishe."

Watu wakacheka. Mimi nililia mbele ya wakwe zangu, mwanaume mzima na mvi zangu, na sikuona haya. Nilipumua kama mtu aliyetua gunia la makaa baada ya kupanda mlima. Carine alinishika mkono, naye analia na kucheka.

Walipoaga na vikwembe vyao tisa, Maman Ghislaine alirudi peke yake mpaka kwenye mashini. Akafungua kikwembe cha juu kiunoni mwake, zile ndege za buluu, akabaki na cha chini. Akakikunja taratibu, akakiweka mezani mbele yangu.

"Nyangezi nako baridi iko mingi," alisema. "Na mimi silali, shemeki."

Nikachukua rula.