Maji ya Moto kwa Mungu wa Mpunga

Mungu wa mpunga haoni. Masuke yalimchoma macho zamani, ndiyo maana kila Desemba baba mwenye nyumba humfuata shambani, akamleta ndani, akamwogesha na kumlisha, huku akimweleza kila kitu kwa sauti. Mungu huyo asipokuja, mbegu zinakaa hadi masika bila wa kuzilinda, na mwakani ni njaa.

Safari hii nyumba haikuwa na baba. Genzaburo alizikwa wakati wa palizi. Basi mjane wake, Shizuno, alivaa joho rasmi la marehemu, likammeza hadi vidoleni, akashika njia kwenye theluji.

"Hakufuati huyo!" mama mkwe wake, bibi Iyo, alimpigia kelele toka mlangoni. "Miaka thelathini kazoea sauti ya mwanangu. Wewe na huo mlio wako wa kuku, utarudi na upepo mtupu!"

Shizuno alizidisha mwendo, maana hofu yake ilikuwa hiyohiyo. Alipofika shambani alipiga jembe ardhini mara tatu kumwita mungu.

"Karibu nyumbani, Bwana. Pole na kazi. Hapa pana mfereji, inua mguu. Taratibu."

Alitembea kinyumenyume, mikono mbele, akiongoza hewa. Theluji ilianguka bila sauti. Hakuhisi uzito wowote mikononi, wala hakuthubutu kuishusha.

Chumba cha kuogea kilikuwa kimejaa mvuke, hata pipa la maji halikuonekana vizuri.

"Maji tayari, Bwana. Yamezidi moto? Ngoja nipoze kidogo." Alichovya kitambaa. Joto lilimlegeza, mvuke ukamfumba macho, na ulimi ukaenda wenyewe. "Haya geuka, Genza, nikusugue mgongo."

Akaganda. Jina la maiti mbele ya mungu, anayechukia uchafu wa kifo kuliko kitu chochote! Ameharibu kila kitu. Mgeni angetoka sasa hivi, arudi zake kwenye baridi.

Mlango ukasukumwa. Bibi Iyo aliingia, na Shizuno akainamisha kichwa kusubiri matusi. Lakini kikongwe alipiga magoti kando ya pipa, akapandisha mikono ya kimono.

"Mbona umenyamaza? Sema naye, asiondoke."

"Mama, nimemtaja..."

"Nimesikia. Lete hicho kitambaa." Alikikamua, akakipitisha polepole juu ya maji, mahali pasipo na mtu. "Hapa, katikati ya mabega," alisema. "Hapa ndipo panapomwasha tangu mdogo."