Kuni za Baba Mkwe

Wewe unayenisikiliza, ukiachiwa mgonjwa wa kifua katika baridi ya milimani kwetu Kichiwa, mwezi wa saba, sakitu nyeupe juu ya majani, utamwashia kuni gani?

Usijibu haraka. Kuni hazifanani.

Wakati ule tulitawaliwa na Mwingereza, na vilima vya kwetu vilikuwa vimeanza kujaa miwati, miti ambayo kampuni iliipanda kwa ajili ya magome yake. Mume wangu Abrahamu alikuwa Tanga, anakata mkonge. Nyumbani nilibaki na baba yake, mzee Lameki, aliyekwisha kufiwa na mkewe. Kifua kilimshika, akalala asiweze kuinuka. Dresa, yule msaidizi wa daktari wa misheni, alikuja, akamgongagonga mgongo, akaniambia, “Mama, huyu asipate baridi.” Akaenda zake.

Basi nikabaki na neno hilo moja.

Nawe ujue, siku zile kwetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni. Hamgusi, hamwiti, hamsemeshi. Likiwapo neno, hupitia kwa mtu wa tatu, na sisi nyumbani mtu wa tatu hatukuwa naye. Nikatundika mkeka katikati ya nyumba. Yeye na moto upande ule, mimi upande huu. Kuni nilizisukuma kwa mti mrefu kupitia chini ya mkeka, na bakuli la uji vivyo hivyo. Naye akiwa na neno, aliuambia moto, nami nikasikia.

Nilianza na mkaratusi, kwa kuwa ulikuwa karibu. Mkaratusi unawaka upesi kama mtu mwenye hasira, halafu unazimika. Moshi wake una harufu ya dawa. Mzee alikohoa mpaka nikaogopa.

“Ee moto,” akasema, “leo unanukia zahanati.”

Nikauacha. Nikachukua mianzi mikavu iliyozeeka kwenye shamba la mianzi ya kugemea pombe ya ulanzi. Mianzi haina moshi mwingi, ila kila pingili hupasuka, paa! paa! Kaa likaruka, nikasikia blanketi linanuka kuungua.

“Ee moto, sasa unanipiga bunduki?”

Nililia, lakini kwa sauti ya chini asinisikie. Kesho yake nikavuka mto kutafuta mkusu, mti wa porini, maana mikusu ya karibu ilikwisha kung'olewa kupisha miwati. Nilirudi shingo imepinda kwa mzigo. Mkusu ni mzito, hauna haraka, ukiufukia majivuni jioni, asubuhi unaukuta mwekundu. Nikasema moyoni, sasa atapona.

“Ee moto,” akasema kwa sauti ndogo, “hata wewe hupumziki?”

Nikafikiri anausifu. Nikaongeza gogo.

Siku ya soko akaja shangazi Fidelia, dada yake, kutoka Makambako. Yeye aliruhusiwa kumtazama. “Kamwene!” akasalimu mlangoni, akaingia, akajipepea kwa kitenge.

“He! Mke wetu, unamuuguza kaka yangu au unamkausha kama samaki wa Lupingu?”

“Dresa alisema asipate baridi, shangazi.”

“Baridi gani itathubutu kuingia humu? Hata kunguni wamehama.” Akapita nyuma ya mkeka. “Kaka, una haja gani? Sema, nimweleze.”

Nilisogea karibu kabisa na mkeka.

“Sina haja,” mzee akajibu. “Mwambie mke wa Abrahamu anafanya vizuri. Anachoka kwa ajili yangu. Usimwambie neno jingine.”

Fidelia akanicheka, akanibusu shavuni, akaondoka na lori la mchana. Mimi nikabaki na sifa ambazo sikujua nizifanyie nini, maana pumzi ya mzee ilizidi kuwa fupi.

Nikaona nimebakiza mwati. Kampuni ilichukua magome, magogo yaliyomenywa yakaachwa, meupe kama mifupa. Ukikauka vizuri, mwati hauna mpinzani: moshi kidogo, mwali safi, makaa makali ya kuyeyusha chuma. Nikaleta mizigo miwili. Nikasukuma gogo, nikasukuma jingine. Mkeka wenyewe ukapata joto upande wangu.

Mzee hakuuambia moto chochote.

Nikangoja. Nikasikia kibuyu cha maji kikianguka na maji yakimwagika, halafu mkono ukipapasa sakafuni. Nikatoka mbio uani, nikaita, “Filemoni! Mama Yudita!” Kwa jirani kulikuwa kimya, wote walikwenda kumenya magome. Nikarudi. Nikasimama mbele ya mkeka na mti wangu mrefu mkononi, sijui niusukume wapi. Mguu ulitaka kupita, mguu ulikataa.

Kinywa changu kikafunguka chenyewe. “Baba?”

Nilijua nimevunja mwiko, nikangoja anifukuze. Makaa yalikuwa yananguruma.

“Ema.”

Hakuwahi kulitaja jina langu tangu niolewe.

“Ema, mwanangu, acha kuni. Hizo zote ni nzuri, wala sikuzikataa. Naungua. Tangu siku ya kwanza nilitaka kitu kimoja tu, nikaona haya kukuomba. Ondoa mkeka huu. Uje wewe mwenyewe unishike chini ya kwapa, unitoe nje, nikae penye upepo.”